Salamu Haihesabiwi

Tangu kila mpiga ramli wa karata awekewe taa ya ukweli mezani, wengi walifunga biashara. Ukificha karata mbaya au ukiipamba, taa inawaka nyekundu na leseni yako imekwenda na maji. Bi Raya wa Ngamiani hakubabaika. Baya alikuwa akilisema mwanzo, waziwazi, kisha anammiminia mteja kahawa na kukaa naye mpaka atulie. Taa yake haikuwahi kuwaka.

"Mtu mzima hadanganywi kuhusu maisha yake," alizoea kusema.

Kitu kimoja tu taa ilikisamehe, nacho ni salamu. Bila hivyo taa zote za mji zingewaka, maana nani anaulizwa habari asijibu nzuri, hata akiwa na msiba ndani?

Asubuhi ile mumewe, Shekue, alikuwa akijiandaa kwenda kufanyiwa upasuaji wa moyo. Hakutaka kutazamiwa. Bi Raya akamtazamia kwa siri, akafunua karata moja: Kaburi. Akaifunika kwa kiganja, na papo hapo Shekue akatokea mlangoni na mkoba wake.

"Habari za hapo, mke wangu?"

"Nzuri," akajibu Bi Raya, sauti imara kabisa. Taa haikuwaka. Akajipongeza moyoni: hakudanganya, ameitikia salamu tu.

Shekue akakitazama kile kiganja. Akavuta kiti cha wateja, akaketi.

"Raya, salamu tulishapeana alfajiri," akasema taratibu. "Hapo nimekuuliza."

Taa ikawaka.