Macho Mapya ya Zuhra

Zuhra alipomaliza kusasisha macho yake ya bandia, hakumwona tena mama yake. Mfumo mpya ulionyesha watu wenye chipu mpya mwilini tu, na ya mama huyo, Bi Mwanahawa, ilikuwa ya zamani, imeshikana na moyo, haitoleki.

"Mama, uko wapi?"

"Niko hapa mbele yako, mwanangu!"

Bi Mwanahawa akampigia fundi simu. "Mrudishie mfumo wa zamani, nakuomba!"

"Haurudi nyuma, mama. Pole sana."

Zuhra akampapasa mama yake usoni, machozi yakimtoka. "Angalau nakusikia."

Jioni akasoma kwa sauti tangazo lililomtokea machoni: kesho ni zamu ya lazima ya kusasisha masikio ya bandia.

Bi Mwanahawa akafungua mdomo, asijue aanze kumwambia lipi.