Pale pa Kuliko Wote

Mwalimu mpya wa Kiingereza aliwasimamisha wanafunzi watatu mbele ya darasa: mrefu, mrefu zaidi, mrefu kuliko wote. “Tall, taller, tallest!” darasa likaitikia, nao wakarudi kukaa.

Akafuta ubao, akaandika neno la pili: “fat”, yaani mnene.

Kabla hajaita mtu, msichana wa dawati la nyuma alifunika kalamu yake, akaja mbele, akasimama mwisho kabisa kulia, pale pa kuliko wote.

“Nani amekuita?”

“Hakuna, mwalimu. Kila mwaka huwa nasimama hapa.”

Wenzake wakaanza kucheka chinichini. Mwalimu akainama kutazama kifungo cha shati lake mwenyewe, kilivyovutwa na kitambi hadi uzi ukachomoza.

Akaweka chaki mezani.

“Sogea kidogo, binti. Hapo ni pangu.”