Jina Ndani ya Simu Iliyolowa

"Dada, simu ikilowa unaifukia kwenye unga wa muhogo? Ulitaka kupika uji?"

Mafundi simu wa mjini Kumasi wana midomo! Nilimbembeleza mtoto mgongoni. Kesho anapewa jina, na jina lenyewe baba mkwe alinitumia kwa ujumbe wa sauti siku aliyofariki. Simu ikaniponyoka kwenye beseni la kufulia kabla sijausikiliza.

Fundi alisugua kwa mswaki na spiriti mpaka unga uliogandamana ukatoka. Kioo kikawaka.

"Mwanangu," ikatoka sauti ya mzee na kikohozi chake, "ukoo wangu unasubiri jina la kwetu. Wewe mwite Dufie."

Dufie ni mama yangu, muuza ndizi za kuchoma, ambaye ukoo huo haukumkaribisha hata kwenye harusi yangu.

Nikamfungua mtoto mgongoni, nikamsogeza karibu na simu.

"Irudie, kaka. Mwenye jina asikie."