Fundo la Kiunoni

Mlingoti ulimponyoka tena Mwanahawa, ukalala juu ya mashua pu! Bi Riziki, mama yake, alikuwa ukingoni mwa maji anamenya muhogo, roho juu.

“Ngoja nikushikie, mwanangu.”

“Niache, mama! Shemeji zangu wamesema nisipousimamisha peke yangu leo, mashua ya marehemu mume wangu wanaichukua. Si wale kule juu wanachungulia?”

Safari hii alijifunga kamba ya mlingoti kiunoni, apate mikono yote miwili ya kusukumia. Kweli, mlingoti ukapanda, ukasimama. Mwanahawa akacheka. Bi Riziki hakucheka; aliuona upepo ukiusukuma upande wa pili, na kamba ikimburuta mwanawe kuelekea majini.

“Fungua kamba!”

“Nimeuweza, mama!”

Bi Riziki akaingia majini na kanga zake, akaikata kamba kwa kisu cha muhogo. Mlingoti ukaangukia majini, ukazama nusu.

“Umeniharibia, mama! Wewe ndiye umeniharibia!”

Shemeji walikuwa wameshaanza kuteremka. Kwa hasira Mwanahawa akakishika kile kipande kilichobaki kiunoni akivue, akalivuta fundo huku, akalivuta kule, akatia na kucha. Halikufunguka.