Farasi wa Tango

Siku hizi, sikukuu ya Obon ikifika, wafu wanaporudi kuwatembelea jamaa zao, jiji la Tokyo linaruhusu kila nyumba kumkaribisha marehemu mmoja tu. Walio hai ni wengi, wafu ni wengi zaidi. Fumie, mjane wa ghorofa ya kumi na tisa, alimwita mama yake miaka sita mfululizo. Mwaka huu akaandika kwenye fomu ya jiji jina la mumewe, Teizo, aliyefariki kabla ya miaka hiyo sita.

Alifanya kama alivyofundishwa utotoni. Alichomeka vijiti vinne kwenye tango, likawa farasi wa kumleta mgeni haraka. Akachomeka vingine kwenye biringanya, likawa ng'ombe wa kumrudisha polepole. Sauti ya Teizo ikafika mchana huohuo, ikakaa siku tatu kwenye madhabahu ya sebuleni, ikimtania kwa chumvi anayozidisha kwenye supu.

Siku ya kuagana, Fumie akasogeza biringanya.

"Hapana, mke wangu," Teizo akasema. "Nipe tango."

"Umeshanichoka?"

"Nikuchoke wewe? Mama yako yuko nje ya mlango tangu juzi. Alinisindikiza, akazuiwa kuingia. Alinikataza nisikuambie. Mama wa watu amesimama peke yake."

Fumie akakimbia kufungua mlango. Korido ilikuwa tupu, taa zinawaka. Akainama hata hivyo, akaomba radhi.

Miaka yote sita mama yake naye aliomba tango. Na kila mwaka Fumie alinuna, akampa biringanya.