Salamu ya Paji la Uso

Nimelala nyumba za watu wengi, lakini ni Isonga tu nilikokuta wanasalimiana kwa kugusana paji la uso. Droni za vita huko hufuata joto. Jiko likiwaka, au mtu akipata homa, zinamwaga moto unaonata kama ugali, na maji hayauzimi. Basi watu wanakula unga uliolowekwa, na kila asubuhi wanapimana kwa kiganja.

Asubuhi ile Nyamizi, mwenyeji wangu, alimwamkia mama mkwe wake, Bi Kalunde.

“Shikamoo, mama.” Akanyoosha mkono.

Bibi akarudi nyuma. “Marahaba. Leo tusalimiane kwa mdomo tu, mkono wako unanuka kitunguu.” Akacheka peke yake.

Nyamizi alikuwa na mtoto mgongoni. “Mama, humu ndani kuna mtoto.”

“Najua. Si mimi niliyempa jina?”

Bibi akakunja mkeka wake, akatoka kuelekea mbugani. Alipofika uani, Nyamizi akamwita. Nikadhani anamrudisha.

“Mkeka uache, mama. Tunao huo mmoja.”

Akauacha.

Moto ulimshukia kabla hajaipita mipapai. Alipiga kelele muda mrefu. Hakuna aliyekwenda, maana moto ule humganda na anayeokoa.

Tuliporudi ndani, Nyamizi alinitandikia mkeka ule ule, kwa heshima zote.

“Karibu ukae, mzee.”

Kisha akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akakiacha hapo.

“Mbona unatetemeka?”