Fidia ya Nuh

Boma lilikuwa limeshamezwa na vumbi nyuma yao, na Jatani alikuwa bado anageuka kutazama. Kila akigeuka alikutana na macho ya Gumato, mjane wa kaka yake Nuh. Kwa desturi yao mwanamume hutangulia njiani, na tangu jua lichomoze macho hayo yalikuwa mgongoni pake. Walikuwa wanakwenda mjini Garsen kudai fidia ya Nuh.

Safari hiyo ilianzishwa na Gumato. Wezi wa mifugo walipomuua Nuh na kuswaga ng'ombe themanini, wazee wa Kiorma waliuliza swali moja tu: nani aliwaambia boma limehamia wapi? Maana ng'ombe hawahami kabla mtu mmoja hajatangulia, peke yake, kukagua maji na majani, na anachokiona huwaambia wazee, hamwambii mwingine. Mtu huyo alikuwa Jatani. Tangu siku hiyo, akifika penye watu, mazungumzo yalikatika.

Ndipo redio ikasema kuwa ile programu ya malisho, waliyowekewa wafugaji bure kwenye simu ili waone mvua imenyesha wapi, ilikuwa ikiwafuata kila waendako na kuuza habari zao bila ruhusa. Gumato akasimama mbele ya wazee akasema simu ya shemeji yake ndiyo iliyomuua mumewe, na sheria inataka aliyeumizwa hivyo alipwe. Wazee wakaitikia kwa vichwa, wakakubali. Jatani akapata usingizi, wa kwanza kwa miezi miwili.

"Shemeji, mbona unakwenda kama mwenye mwiba?" Gumato alimwuliza walipoukaribia mji. "Inayodaiwa ni kampuni, si wewe."

"Viatu hivi," alisema Jatani.

Wakili alikuwa binti wa Kigiriama aitwaye Cynthia, ofisi yake chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu. Aliwaeleza polepole. Madai bila ushahidi ni kelele tu. Ushahidi ni rekodi ya njia zote ilikopita simu, na kwa sheria rekodi hiyo hupewa mwenye simu peke yake, au yule aliyemruhusu kwa maandishi. Kampuni haiwezi kukataa. Mjane hawezi kuiomba, mzee wa ukoo hawezi.

Jatani hakujua kusoma. Gumato alifika darasa la nane. Basi ikaandikwa kwamba rekodi akabidhiwe Gumato.

"Na hiyo fidia," Jatani aliuliza, "ni kubwa?"

"Kubwa," alijibu Gumato, wakili hajafungua mdomo.

Jatani akachovya kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza kwenye karatasi.

Cynthia alikuwa anaikunja aliposema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia bei ya nyanya, kwamba simu hizi ni nyoka. Penye netiweki, pasipo netiweki, huandika tu ulipo. Siku ikiipata netiweki, hutema yote.

"Hata msituni?" Jatani aliuliza.

"Hata msituni, mzee."

Akafuta kidole kwenye kikoi. Akasema kimeteleza, apewe karatasi arudie. Cynthia akaifunua, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akasema alama imekaa vizuri sana, haihitaji kurudiwa. Gumato alikuwa ameshasimama mlangoni.

"Tangulia, shemeji," alisema.

Rekodi ilifika baada ya wiki tano. Gumato akaipeleka kwa polisi, nao wakaifuata hadi kichaka alimoshinda Jatani siku mbili nzima, juma moja kabla Nuh hajauawa, wakawakuta humo wezi wanne na ng'ombe kumi na tisa wenye chapa ya Nuh. Jatani alikamatwa kisimani akinywesha ndama, hakukimbia. Programu ya malisho ilibadilishwa jina, na wafugaji wengi bado wanayo. Cynthia alimpigia Gumato simu kumwuliza atakuja lini watie sahihi yale madai, kwa kuwa muda wa kuyapeleka ulikuwa unakwisha. Gumato alimwambia ayachane tu. Simu haikuwa imemkosea kitu.